Boksi la Chokoleti Nyeusi: Je, Ni Chakula, Ni Dawa, au Ni Lawalawa?

Siku hizi katika nyumba nyingi za Pemba huonekana kitu ambacho wazee wetu walikiona kwa nadra, nacho ni boksi la chokoleti nyeusi za namna mbalimbali. Huja na ndugu atokaye Maskati au Dubai. Huja na mjomba arudiye kutoka Mombasa. Ama hununuliwa Dar es Salaam au Unguja Mjini, likavuka bahari kwa meli mpaka bandari ya Mkoani. Likiwekwa mezani kila mtu hutaka kuonja, na mara nyingi halimalizi siku mbili.

Si jambo baya. Zawadi ni zawadi, na aliyeileta ameikumbuka nyumba yake akiwa mbali. Lakini sisi ni watu tuliozoea kuvichunguza vyakula vyetu. Mama anunuapo samaki sokoni humtazama macho, tena humfunua mashavu. Mkulima apelekapo karafuu zake kuuza, hutazamwa kwanza kama zimekauka na kama hazikuchanganyika na makonyo. Mbona basi boksi la chokoleti twalila bila kulihoji?

Watu husema maneno matatu juu ya chokoleti nyeusi. Wa kwanza husema ni dawa ya moyo. Wa pili husema ni sukari tupu, tena yaua. Wa tatu husema ni lawalawa tu, hapana haja ya maneno mengi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Lakini ukweli wote umeandikwa kwa herufi ndogo chini ya boksi, na wachache ndio wausomao. Tukiusoma tutajua kiasi cha kula. Tena tutajua nani apewe, na nani aambiwe kwanza kilichomo kabla hajanyoosha mkono.

KAKAO HUTOKA WAPI

Chokoleti yote huanza katika mti uitwao mkakao. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, katika misitu yenye joto na mvua. Matunda yake hayaningʼinii kwenye ncha za matawi kama maembe, bali huota katika shina lenyewe na matawi manene, kama fenesi. Ukilipasua tunda utakuta mbegu kama 30 au 40, zimefunikwa na nyama nyeupe, tamu yenye ukali kidogo.

Si lazima twende mbali kuuona mti huu. Hapa Tanzania kakao nyingi hulimwa Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa, na nyingine hutoka bonde la Kilombero mkoani Morogoro. Jirani zetu wa Uganda huilima sana Bundibugyo, na wa Kongo huilima upande wa Beni.

Mkulima akishazitoa mbegu, huzirundika na kuzifunika, mara nyingi kwa majani ya mgomba, kwa muda wa siku tano hadi saba. Humo huumuka na kupata joto. Pasipo kuumuka huko ladha ya chokoleti haipatikani. Kisha huanikwa juani kama tuanikavyo karafuu, na yeyote aliyepata kukimbia na majamvi mvua inapoanza kudondoka ataielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Kiwandani hukaangwa, humenywa maganda, husagwa. Kwa kuwa karibu nusu ya kiini cha mbegu hiyo ni mafuta, kule kusaga hakutoi unga mkavu, bali hutoa uji mzito mweusi. Uji huo ukikamuliwa hutoa mafuta ya rangi ya manjano hafifu, yaitwayo siagi ya kakao. Kikavu kinachobaki ndicho kinachosagwa kuwa unga wa kakao tunaoujua madukani.

Siagi hiyo jina lake tu ni siagi, wala haina maziwa ndani yake. Ni mafuta ya mbegu, kama yalivyo mafuta ya nazi.

MAANA YA ILE ALAMA YA MIA

Juu ya chokoleti nyeusi huandikwa 50%, au 70%, au 85%. Wengi hudhani ni alama ya ubora, kama alama za mtihani. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za chokoleti ile, sehemu 70, tuseme, zimetoka katika mbegu ya kakao, kwa kujumlisha ule uji mweusi na siagi yake. Sehemu 30 zilizobaki, karibu zote ni sukari. Kwa hiyo kadiri hesabu ya kakao inavyopanda, sukari hushuka na uchungu huzidi.

Tuangalie mizani. Gramu 100 za chokoleti nyeusi yenye kakao kati ya 70% na 85% huwa na takriban kalori 600. Mafuta ndani yake ni gramu 43, na zaidi ya nusu yake ni mafuta ya namna ile igandayo. Sukari ni gramu 24, protini gramu 8, na nyuzinyuzi gramu 11. Chuma ni miligramu 12, na magnesi miligramu 228 hivi.

Sasa chukua ile yenye kakao kati ya 45% na 59%, ambayo nayo huitwa nyeusi. Sukari yake yafika gramu 48. Naam, karibu nusu ya uzito wote ni sukari, na hapo yakaribia chokoleti ya maziwa, ambayo huwa na gramu 51 au 52. Basi rangi nyeusi peke yake haisemi kitu. Mtu aweza kula nyeusi akidhani amejiepusha na sukari, kumbe amebadilisha rangi tu.

BOKSI LA MCHANGANYIKO

Hayo yote ni habari ya kipande kikavu kisichotiwa kitu ndani. Lakini boksi la mchanganyiko ni jambo jingine. Humo kila kimoja kina ganda la chokoleti na moyo wa kitu kingine.

Desturi hii si ya kale sana. Mwaka 1912, mjini Brussels katika Ubelgiji, Jean Neuhaus alitengeneza ganda la chokoleti ambalo laweza kujazwa vitu laini ndani. Mwaka 1933 kampuni ya Rowntree ya York, Uingereza, ikatoa boksi liitwalo Black Magic, lote la chokoleti nyeusi za namna mbalimbali, likasambaa nchi nyingi. Tangu hapo maboksi ya namna hiyo yamekuwa zawadi ya sikukuu na ya mgonjwa, na ya mwenye kurudi safari.

Moyoni mwa vipande hivyo hutiwa nini? Kimoja kina krimu ya mnanaa au ya chungwa, ambayo hasa ni sukari iliyosagwa laini sana kwa maji na harufu. Kingine kina karameli, yaani sukari iliyounguzwa kidogo ikachanganywa na maziwa na siagi. Kingine kina lozi zilizosagwa na sukari. Kingine kina lozi nzima, au korosho, au njugu nyingine. Kingine kina tunda lililolowekwa katika pombe.

Hapa kuna kanuni ambayo ni wachache waijuao. Sheria za nchi za Ulaya, na kadhalika kanuni za kimataifa za vyakula ziitwazo Codex, zasema kwamba chokoleti iliyojazwa kitu ndani yatosha iwe na sehemu 25 tu za chokoleti katika 100 za uzito wake. Robo tu! Robo tatu zilizobaki zaweza kuwa ule moyo. Kwa hiyo boksi likiandikwa kwa nje «chokoleti nyeusi 70%», neno hilo huenda likawa la ganda peke yake, nalo ganda laweza kuwa sehemu ndogo ya kile utiacho kinywani.

KUSOMA MAJINA YALIYOANDIKWA

Geuza boksi ulitazame chini. Jambo la kwanza la kujua ni hili: vitu vimepangwa kwa uzito. Kilicho kingi huandikwa kwanza, na kilicho kidogo huandikwa mwisho. Neno la kwanza likiwa sukari, basi sukari ndiyo iliyotawala humo, hata maboksi yakipambwa kwa utepe wa dhahabu. Tena jihadhari, kwani sukari ina majina mengi. Glukosi, shira ya mahindi, dekstrosi na fruktosi zote ni sukari, wala mtengenezaji halazimiki kuzijumlisha pamoja.

Baada ya hapo huja majina ya ajabu na herufi E yenye nambari. Yasikutishe yote. Lesithini, E322, mara nyingi hutoka katika soya au alizeti, na kazi yake ni kuipa chokoleti ulaini wa kumiminika kwa urahisi. E476 hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, nayo hutengenezwa kwa mafuta ya mbarika, yale yaitwayo nyonyo. E1103 ni kimengʼenya kinachoiyeyusha krimu polepole baada ya kufungiwa ndani ya ganda. Ndiyo maana ukiuma kipande moyo wake humwagika kama asali, ingawa ulipotiwa ulikuwa mgumu.

Vanilini ni harufu ya vanila iliyotengenezwa kiwandani. Jina hili lina habari itufaayo sisi wa nchi ya karafuu. Kwa miaka mingi, mpaka ya 1930 hivi, vanilini nyingi ilitengenezwa kwa yujenoli, ule mafuta mkali wenye harufu upatikanao katika karafuu na makonyo yake. Baadaye viwanda vikapata njia rahisi zaidi ya kuitoa katika mabaki ya miti itengenezwayo karatasi. Basi ikiwa babu yako alichuma karafuu katika miaka ile, huenda kazi ya mikono yake iliwahi kunukia ndani ya chokoleti ambayo yeye hakupata kuionja.

Yapo majina mengine ambayo yafaa kusimama nayo kidogo. Jelatini ni ute utolewao katika ngozi na mifupa ya wanyama, wakiwamo ngʼombe na nguruwe. E120 ni rangi nyekundu itokayo kwa wadudu wadogo. Na ukiona brandy, rum, liqueur au kirsch, hizo zote ni pombe. Tutarudi kwa hayo.

JE, NI DAWA YA MOYO?

Neno hili halikutoka hewani. Kakao ina vitu viitwavyo flavanoli ambavyo husaidia mishipa ya damu kulegea na kupanuka. Mwaka 2012 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia kazi hiyo, na kwamba kiasi hicho chaweza kupatikana katika gramu 10 za chokoleti nyeusi iliyo na flavanoli nyingi.

Lakini tusikilize vizuri. Walisema iliyo na flavanoli nyingi, hawakusema yoyote iliyo nyeusi. Kakao nyingi ya viwandani huoshwa kwa magadi ili uchungu upungue na rangi ikolee, na flavanoli nyingi hupotea katika kuosha huko. Rangi ikawa nyeusi zaidi, faida ikawa ndogo zaidi!

Tena mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao COSMOS, wa watu zaidi ya 21,000. Baadhi yao walipewa vidonge vyenye miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku kwa miaka kadhaa. Vifo vya maradhi ya moyo na mishipa vilionekana kupungua, lakini jumla ya maradhi hayo haikupungua kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha faida. Nao walipewa vidonge, si krimu ya mnanaa. Kwa hiyo mtu mwenye presha asithubutu kuacha dawa za hospitali kwa kutegemea boksi la zawadi.

Na ile chuma? Ni kweli imo. Lakini vitu vile vile vya kakao viitiavyo uchungu hulizuia tumbo lisiinyonye vizuri. Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu ni ndogo ale dagaa, maini, kisamvu, mchicha na kunde, pamoja na ndimu au chungwa, na anywe vidonge vyake alivyopewa. Chokoleti isichukue nafasi ya chakula hata kimoja katika hivyo.

Lipo na jambo jingine la kusemwa kwa haki. Mkakao huvuta kutoka ardhini madini mabaya yaitwayo kadimi, na risasi huweza kuingia wakati mbegu zinapoanikwa. Mwishoni mwa mwaka 2022 jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima aina 28 za chokoleti nyeusi likakuta madini hayo katika zote. Katika aina 23, kula gramu 28 kila siku kungempitisha mtu mzima kiasi kilichowekwa na wapimaji kwa risasi au kadimi. Ulaya imeweka mpaka wa kadimi katika chokoleti tangu mwaka 2019. Hili halina maana kwamba kipande cha sikukuu kitamdhuru mtu. Maana yake ni kwamba chokoleti nyeusi si kitu cha kula kila siku kwa wingi, hasa kwa watoto wadogo na kina mama wajawazito.

HESABU YA VIJIKO

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu 10 katika 100 za nguvu yote tupatayo katika chakula, na ni bora zaidi isizidi 5. Kwa mtu mzima wa kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 50, na bora zaidi gramu 25. Kijiko cha chai, kisichorundikwa, hubeba gramu 4 hivi.

Sasa tufanye hesabu kama tulivyofundishwa skuli. Kipande kimoja katika boksi la mchanganyiko tukikadirie gramu 10. Tuseme chokoleti ni ile ya 50%, na moyo wake nao una sukari kiasi hicho hicho, ingawa mara nyingi huzidi. Vipande vitano ni gramu 50, na sukari yake ni gramu 24. Hivyo ni vijiko sita. Umekwisha kufika kwenye ule mpaka ulio bora, nawe hujanywa chai ya asubuhi yenye sukari, hujala halua, hujaonja kashata, hujakata tende ya futari kwa jirani.

Sisemi kwamba halua ya Wete ni bora kwa mwili kuliko chokoleti. Ni tamu zote mbili, tena mafuta yamo kotekote. Nasema sukari haitazami imeingia kwa mlango gani. Mwenye ugonjwa wa sukari aihesabu chokoleti pamoja na wali na chai yake, asiiweke kando kwa sababu imeitwa nyeusi. Na neno «bila sukari» lisimdanganye, kwa maana mara nyingi hutiwa tamu za namna nyingine ambazo, zikiliwa nyingi, huharisha.

Watoto nao wana habari yao. Karameli hunasa menoni na kukaa. Tena gramu 100 za chokoleti kali huwa na kafeini kama miligramu 80, karibu sawa na kikombe kikubwa cha kahawa. Mtoto aliyekula nusu ya boksi jioni asipolala, msimlaumu. Na paka wa nyumbani, au mbuzi aliyefungwa uani, asitupiwe mabaki, kwani kitu kiitwacho theobromini kilichomo katika kakao ni sumu kwa wanyama.

JIRANI NA SAHANI YAKE

Sasa twafika kwenye lile neno kubwa. Sisi Wakristo wa Pemba ni wachache kati ya ndugu zetu Waislamu, nasi twaishi nao mlango kwa mlango. Wakati wa Idi sahani hutoka kwao kuja kwetu. Wakati wa Krismasi sahani hutoka kwetu kwenda kwao. Sahani hiyo ni kitu cha thamani kuliko kilichopakuliwa juu yake, maana aipokeaye hula bila kuuliza, kwa kuwa amekuamini.

Lakini boksi la mchanganyiko halina uaminifu huo. Vipande hufanana kwa nje. Kimoja kina chungwa, cha pili yake kina pombe. Kimoja kina jelatini ya mnyama asiyetajwa. Ukimpelekea jirani vipande kumi vilivyochaguliwa kwa kupendeza macho, bila kusoma, waweza kumlisha kitu ambacho asingekigusa kwa hiari yake. Hata kama hatajua kamwe, wewe umeutumia uaminifu wake vibaya. Na akijua, sahani ya mwaka ujao itapokewa kwa mashaka, ama haitapokewa.

Mtume Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, aliligusa jambo hili la chakula na dhamiri ya mwenzio. Funzo lake kwetu ni jepesi kulifahamu: uhuru wangu wa kula usiwe mtego kwa ndugu yangu. Basi kabla ya kugawa, soma. Ukiona pombe au jelatini isiyotajwa asili yake, usipeleke. Ukiwa na shaka, mwambie jirani waziwazi, «Bibi, sijui kilichomo humu, karatasi hii hapa, mpe kijana akusomee.» Hatachukia. Heshima yako kwake itaongezeka.

Na si dini peke yake. Yuko mtoto ambaye akila karanga au lozi koo humvimba na pumzi humkatika. Yuko asiyeweza maziwa. Mwaka 2015 serikali ya Marekani ilitangaza matokeo ya kupima chokoleti nyeusi 100, na zaidi ya nusu zilikutwa na maziwa, ilhali chache tu ndizo zilizoyataja maziwa miongoni mwa vitu vilivyotiwa. Kwa hiyo yale maneno madogo yasemayo kwamba huenda kuna chembe za njugu au maziwa hayakuandikwa kwa mchezo. Mtoto wa watu akija kwako, muulize mama yake kwanza.

KILE KISICHOANDIKWA

Kuna kimoja kisichoandikwa kati ya vitu vilivyotiwa, nacho ni jasho la watu. Sisi wa kisiwa hiki hatuwezi kulipita jambo hilo. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria Unguja na Pemba. Mwaka huo huo Wakristo waitwao Marafiki, au Quaker, wakaanzisha misheni yao Pemba. Wakawa na shamba la mikarafuu Banani, karibu na Chake Chake, ili watu walioachiwa huru wapate kazi ya ujira.

Sasa sikilizeni. Jamaa za Cadbury, Fry na Rowntree, wenye viwanda vikubwa vya chokoleti Uingereza, nao walikuwa wa dhehebu hilo hilo la Marafiki. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari kwamba kakao waliyoinunua kisiwani São Tomé, katika himaya ya Wareno, ililimwa na watu waliochukuliwa Angola kama watumwa. Mwaka 1905 Joseph Burtt akatumwa kwenda kuchunguza. Akaona kwamba ni kweli. Lakini kampuni hizo tatu hazikuacha kununua kakao ile mpaka mwaka 1909. Dhehebu moja, na kazi mbili. Huku Banani walimlipa mchumaji karafuu, na kule Uingereza wengine walikawia miaka minane kukiacha kilichovunwa kwa utumwa.

Wala habari hiyo haijafungwa. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Côte d'Ivoire na Ghana. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kwamba watoto milioni 1.56 katika nchi hizo mbili walikuwa katika kazi zisizofaa watoto kwenye kilimo cha kakao, kama kushika mapanga na kubeba mizigo mizito. Sisi hatuwezi kuyamaliza hayo kutoka Pemba. Lakini twaweza kukataa kula kwa pupa kitu kilichogharimu hivyo. Na mwenye nafasi ya kuchagua, achague kile kinachotaja mahali kilipolimwa. Siku hizi hata kakao ya Kyela na Kilombero hupata kuandikwa jina lake.

KUKIHIFADHI KATIKA JOTO LETU

Siagi ya kakao huyeyuka karibu na nyuzi 34 za joto, chini kidogo ya joto la mwili. Ndiyo maana chokoleti huyeyuka ulimini, na ndiyo maana huyeyuka pia katika mkoba uliokaa juani melini. Ikiyeyuka na kuganda tena, hutoka weupe juu yake kama vumbi. Wengi huitupa wakidhani ni uvundo. Si uvundo, ni mafuta yake yaliyopanda juu. Yalika, ingawa uzuri wake umepungua. Lakini ikiwa na manyoya, harufu mbaya, au krimu iliyochacha, itupwe.

Iweke mahali penye kivuli na ubaridi. Ukiitia katika friji, ifunge vizuri ndani ya chombo chenye kifuniko, maana mafuta yake huvuta harufu upesi, na hapana apendaye chokoleti yenye harufu ya samaki. Wala usiiweke pamoja na karafuu au bizari.

TUFANYEJE BASI?

Tukirudi kwa wale watu watatu wa mwanzo, jibu ni hili. Chokoleti nyeusi iliyo kavu, ya 70% au zaidi, kipande kimoja au viwili baada ya chakula, ni kitu kizuri, tena ina faida yake ndogo. Boksi la mchanganyiko ni lawalawa, liliwe kama lawalawa, kwa furaha na kwa kiasi. Dawa si hili wala lile.

Boksi lijalo litakapoingia nyumbani, lisifunguliwe kwanza. Baba au mama alisome, au ampe mtoto wa skuli alisome kwa sauti mbele ya wote, kwani naye atajifunza kitu. Vyenye pombe vitengwe. Vyenye njugu vijulikane. Kila mtu apewe viwili baada ya mlo, na boksi lifungwe mpaka siku nyingine, ili utamu wa zawadi udumu wiki badala ya siku moja. Halafu sahani ya jirani ipakuliwe kwa vile tulivyo na hakika navyo, hata vikiwa vitatu tu. Na kama hakuna chenye hakika, basi mpikie visheti. Sukari imo humo pia, lakini kila kilichomo wajua mwenyewe, na akikuuliza utamjibu.